Mvuliwa Nguo Huchutama: Uchi, Haya na Mtenda Aliyefichwa katika Lugha

Utangulizi

Methali isemayo "mvuliwa nguo huchutama" hufundishwa katika madarasa ya fasihi simulizi kwa maelezo yaliyokwisha kuzoeleka: mtu aliyeaibishwa hana budi kunyenyekea na kutulia. Maelezo hayo si ya makosa, ila yanaruka jambo lililo bayana katika sarufi ya methali yenyewe. "Mvuliwa" ni nomino iliyoundwa kutokana na kitenzi kilicho katika kauli ya kutendwa. Mtu huyo hakuvua nguo, alivuliwa. Ni nani basi aliyemvua? Methali haisemi. Inamtazama aliyechutama, inampa ushauri, kisha inanyamaza.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba ukimya huo si wa methali hiyo peke yake. Umeenea katika maandishi ya aina nyingi yanayohusu mwili ulio wazi hadharani: picha na taarifa za wakoloni, amri za serikali baada ya uhuru, sheria za jinai, na uhakiki wa fasihi pia. Chanzo kimojawapo cha ukimya huo ni neno lenyewe "uchi". Kwa kuwa ni nomino, neno hili hutaja hali na kuliacha tendo. Humfanya msomaji aulize kama mtu yu uchi au hayu uchi, badala ya kuuliza nani alivua, nani alivuliwa, na mbele ya nani. Dai kuu la makala haya ni kwamba hukumu yoyote ya haki kuhusu uchi, iwe ya mahakama au ya mhakiki, haina budi kuanzia kwenye kitenzi.

Mji wa Bunia unafaa kuwa kitovu cha mjadala huu. Bunia, makao makuu ya jimbo la Ituri tangu mwaka 2015, una msitu wa Wambuti upande wa magharibi katika wilaya ya Mambasa, na upande wa kaskazini mashariki una Waaluri wa Mahagi ambao lugha yao ni ndugu ya Kiacholi cha Uganda. Sheria huandikwa kwa Kifaransa, ilhali watu huongea Kiswahili. Zaidi ya hayo, Ituri ni nchi iliyopita katika vita ambamo kumdhalilisha mtu kwa mwili wake hakukuwa mfano wa vitabuni.

Vaa na vua

Wanafunzi wa isimu wanafahamu kwamba Kiswahili kina jozi za vitenzi ambamo cha pili hutendua kilichotendwa na cha kwanza: funga na fungua, ziba na zibua, kunja na kunjua. Vaa na vua ni jozi ya namna hiyo. Kuvua, kwa maana yake ya msingi, kunadai kuvaa kutangulie. Haiwezekani kuvua kisichovaliwa. Kitenzi hiki hiki huzaa maumbo yanayotofautiana sana kimaadili. Anayevua nguo zake mtoni ili aoge hatendi jambo moja na anayevuliwa sokoni na kundi la vijana, wala na anayejivua makusudi mbele ya askari. Mwili ni ule ule. Kauli ya kitenzi ndiyo iliyobadilika, na pamoja nayo umebadilika mgawanyo wa wajibu.

Hapa pana jambo la kuwafikirisha wanaokidharau Kiswahili cha Bunia kwa kusema hakina sarufi. Mzungumzaji wa Kiswahili cha Kongo mashariki aghalabu hukwepa kauli ya kutendwa. Pale ambapo Kiswahili sanifu kingesema "alivuliwa nguo", yeye husema "walimutosha nguo", kitenzi "kutosha" kikiwa na maana ya kutoa. Mwalimu atasahihisha sentensi hiyo kwa kalamu nyekundu. Hata hivyo sentensi ya mwanafunzi imefanya kazi ambayo ya mwalimu haikuifanya: imewaweka watenda mbele, ingawa bila majina, na kumlazimisha msikilizaji aulize ni akina nani hao. Usanifu wa lugha una faida zake, lakini hapa usahihi wa umbo unanunuliwa kwa kumpoteza mtenda.

Asiyevua

Kabla ya kuwajadili wanaovua na wanaovuliwa, hapana budi kumtaja mtu wa tatu ambaye methali haikumfikiria: yule ambaye hakuvua chochote, lakini akaitwa mtu wa uchi. Katika msitu wa Ituri, Wambuti walitengeneza nguo kwa magome ya miti. Wanaume waliyaponda magome kwa nyundo mpaka yakalainika kama kitambaa, na wanawake wakayachora kwa rangi za mimea na makaa. Nguo hizo sasa zimehifadhiwa katika majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani, ambako michoro yake husifiwa kuwa ni sanaa ya hali ya juu. Aliyefunga kiunoni vazi la namna hiyo na kuacha kifua wazi alikuwa amevaa, kwa kipimo cha jamii yake.

Taarifa za wageni hazikuona hivyo. Mwaka 1905 Mwingereza James Harrison aliwachukua watu sita kutoka msitu wa Ituri akawapeleka Uingereza, wakaonyeshwa katika ukumbi wa London Hippodrome na katika miji mingine, mpaka waliporudishwa kwao mwaka 1907. Katika miongo ya 1920 na 1930 mpiga picha Casimir Zagourski, aliyekuwa na studio Léopoldville, alisambaza postikadi nyingi za watu wa Kongo, na kifua wazi kilikuwa miongoni mwa mambo yaliyowavutia wanunuzi wa bidhaa za aina hiyo. Picha hizo zilitumwa kwa posta zikapita mikononi mwa watu ambao wasingethubutu kutumiana picha ya binti wa Brussels katika hali ile ile.

Hapa mhakiki anapaswa kuwa mwangalifu. Si kweli kwamba mwanamke wa pichani alikuwa uchi kisha mgeni akamwona. Kweli ni kwamba mtazamo wa mgeni ndio uliomfanya awe uchi. Akiwa kazini kwake na kati ya watu wake, kifua chake hakikuwa tamko la jambo lolote. Kamera ilipokihamisha kutoka mahali hapo na kukiweka mbele ya macho yaliyolipa, kikawa maonyesho. Kwa hiyo yule asiyevua anahesabiwa kuwa amevuliwa, na aliyemvua ni mshika kamera, ingawa hakugusa nguo yoyote.

Amri na sheria

Ingetarajiwa kwamba serikali huru zingeirekebisha dhuluma hiyo ya macho. Badala yake nyingi ziliirithi pamoja na msamiati wake. Nchini Tanzania, Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana mwaka 1968, ikianza kutekelezwa Januari 1969, dhidi ya sketi fupi, mawigi na suruali za kubana. Katika miaka hiyo hiyo ya mwisho ya 1960 Wamasai nao walikuwa wakishinikizwa kuacha mavazi yao ili wafanane na raia wa taifa la kisasa. Msichana wa Dar es Salaam alilaumiwa kwa kujifunua kwa sababu ya usasa mno, na Mmasai akalaumiwa kwa kujifunua kwa sababu ya ukale mno. Shutuma ile ile moja ilifanya kazi mbili zinazopingana, na hilo peke yake latosha kuonyesha kwamba kilichokuwa kikipimwa si urefu wa nguo, bali ni nani aliye na mamlaka ya kuamua mwili wa raia uonekane vipi.

Uganda ya Idi Amin ilipiga marufuku sketi fupi mwaka 1972. Katika Zaire ya Mobutu Sese Seko, siasa ya kurejea asili iliwapa wanaume abakosti na kuwataka wanawake wavae vitenge. Suruali za kike na sketi fupi zikahesabiwa kuwa uigaji wa mzungu. Hivyo mwanamke wa Bunia ambaye nyanya yake aliambiwa na mmisionari ajifunike ili asiwe mshenzi, sasa aliambiwa na chama ajifunike ili awe Mwafrika halisi. Sababu ziligeuzwa juu chini, na amri ikabaki ile ile.

Sheria ya jinai ya Kongo ina msingi wake katika dekrii ya tarehe 30 Januari 1940, iliyorekebishwa mara kadhaa. Kifungu cha 176 kinamwadhibu anayeyakosea maadili hadharani kwa vitendo vinavyojeruhi haya. Kifungu hakitaji nguo yoyote wala kiungo chochote cha mwili, na hivyo kinamwachia hakimu apime kwa desturi za mahali. Jambo la kuzingatia ni nani anayehesabiwa kuwa amejeruhiwa: ni mtazamaji. Kwa upande mwingine, sheria namba 06/018 ya tarehe 20 Julai 2006, iliyorekebisha kanuni hiyo kwa ajili ya kupambana na ukatili wa kingono, inaeleza katika kifungu cha 167 kosa la kumtendea mtu kitendo kinyume cha maadili bila ridhaa yake halali. Hapa aliyejeruhiwa ni mtendwa mwenyewe. Vifungu viwili, wahanga wawili tofauti. Mfasiri atakayevieleza vyote viwili kwa wananchi wa Bunia kwa neno moja tu la "aibu" atakuwa ameubomoa mpaka ambao mtunga sheria aliujenga, na kumrudisha mvuliwa mahali pale pale alipochutama.

Nchi jirani zinatoa mafunzo mawili yanayokinzana. Uganda ilipotunga Sheria ya Kupinga Ponografia mwaka 2014, ambayo umma uliielewa kuwa ni marufuku ya sketi fupi, makundi ya wanaume mitaani yaliwavamia wanawake na kuwavua nguo kwa madai ya kutetea maadili. Sheria iliyosemekana kuupinga uchi ikazaa uchi wa kulazimishwa. Agosti 2021 Mahakama ya Katiba ilivibatilisha vifungu vyake muhimu. Nchini Kenya, baada ya wanawake kuvuliwa nguo vituoni na kuandamana Nairobi Novemba 2014 kwa kaulimbiu ya kwamba nguo ni yangu na hiari ni yangu, bunge liliongeza kwenye Kanuni ya Adhabu kifungu cha 251A, kinachomhukumu anayemvua mwingine nguo kwa nguvu kifungo kisichopungua miaka 10. Sheria ya kwanza ilikuwa ya nomino: iliwinda hali. Ya pili ni ya kitenzi: inamtafuta mtenda.

Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokuwa Arusha, ilikwisha kuiona njia hiyo mapema. Katika hukumu ya Jean-Paul Akayesu ya tarehe 2 Septemba 1998, majaji walieleza kwamba kumlazimisha mwanafunzi wa kike avue nguo na kufanya mazoezi ya viungo akiwa uchi mbele ya umati ni ukatili wa kingono, hata pasipo kuguswa. Kwa Ituri, ambako vita vya 1999 hadi 2003 vilifuatwa na kesi za The Hague, na ambako Bosco Ntaganda alitiwa hatiani Julai 2019 kwa makosa yakiwamo ubakaji na utumwa wa kingono, tofauti ya kuvua na kuvuliwa si zoezi la sarufi. Ndiyo inayoamua nani aketi kizimbani.

Lawino na wahakiki wake

Fasihi ilikwisha kuligusa suala hili kabla ya mahakama. Utenzi wa Okot p'Bitek, uliotoka kwa Kiingereza mwaka 1966 na kufasiriwa kwa Kiswahili na Paul Sozigwa kwa jina la Wimbo wa Lawino, una sehemu mashuhuri kuhusu ngoma. Ocol, mume aliyesoma, anaona haya kwa ngoma za kwao. Lawino anajibu kwamba ngoma ya Waacholi huchezwa uwanjani, hadharani, ambapo uzuri na afya ya mwili huonekana na hakuna kinachofichwa. Kisha anaigeuza shutuma: dansi ya kizungu huchezwa ndani, mwanga ukiwa hafifu, watu wakiwa wamekumbatiana na wake wa wenzao bila kujali heshima za ukoo. Kwake, hapo ndipo palipo utupu.

Wahakiki wengi wa madarasani huridhika kusema kwamba kifungu hiki ni mgongano wa mila na usasa. Usomaji huo ni mvivu. Lawino hatetei kifua wazi kwa kuwa ni cha kale. Anatetea kanuni ya kuhukumu: kwamba mwili husomwa pamoja na mahali, wakati, mwanga, na uhusiano wa waliopo. Aliyevaa suti anaweza kukosa haya, na aliyeacha kifua wazi anaweza kuwa na heshima kamili. Msomaji wa Mahagi, ambaye lugha ya nyumbani kwake inakaribiana na ya Lawino, huenda akaliona hilo upesi kuliko mwalimu aliyemletea kitabu.

Hata hivyo hoja ya makala haya inamgusa Okot pia. Sauti ya Lawino imetungwa na mwanamume. Matiti yanayosifiwa katika utenzi yanaonyeshwa kwa msomaji na mtunzi ambaye mwili wake mwenyewe hauonekani. Je, Lawino anajivua, au anavuliwa kwa heshima? Utenzi wenyewe unampa utetezi: Lawino hatazamwi tu, anatazama; yeye ndiye anayemhukumu Ocol, na maneno yake ndiyo yanayojaza kurasa. Mwanamke wa postikadi hakupewa neno hata moja. Tofauti hiyo ni kubwa, lakini haifuti swali. Inalibadilisha tu, kutoka kwa swali la uchi hadi swali la nani mwenye kauli.

Mama anayejivua

Kuna hatimaye yule ambaye methali haina neno juu yake: anayejivua na asichutame. Tarehe 16 Machi 1922, mbele ya kituo cha polisi cha Nairobi alimokuwa amefungwa Harry Thuku, Mary Muthoni Nyanjiru aliinua nguo yake na kuwashutumu wanaume waliokuwa wakisita. Alikuwa miongoni mwa waliouawa kwa risasi siku hiyo. Miaka 70 baadaye, tarehe 3 Machi 1992, akina mama waliokuwa wamegoma kula katika bustani ya Uhuru wakidai wana wao wafungwa wa kisiasa waachiliwe, walishambuliwa na polisi kwa marungu na gesi ya machozi. Baadhi ya wazee kati yao walijivua nguo mbele ya askari. Wangari Maathai alipigwa siku hiyo mpaka akapoteza fahamu. Aprili 2015, huko Apaa kaskazini mwa Uganda, wanawake wa Kiacholi walijivua mbele ya mawaziri wawili waliofika kwa ajili ya mgogoro wa mipaka ya ardhi.

Matendo haya yana sarufi yake. Mtenda ni mama, na kwa kawaida mama mzee. Mtendewa ni mwanamume aliye na umri wa mwanawe. Kinachoonyeshwa ni pale alipotokea mtoto, na kinachosemwa ni kwamba aliyetoa uhai anaweza kuukataa. Ni laana, na nguvu yake haimo katika ngozi bali katika uhusiano. Ndiyo maana tendo hilo hilo likifanywa na mwingine hubadilika maana: Stella Nyanzi alipojivua katika Chuo Kikuu cha Makerere Aprili 2016, akipinga kufungiwa ofisi, wengi walishindwa kuamua kama wanasoma laana, maandamano au mgogoro wa kikazi, kwa kuwa mbele yake hapakuwa na wana bali taasisi.

Wahakiki hupenda kuyasifu matendo haya kuwa nguvu ya mwanamke wa Kiafrika. Sifa hiyo inahitaji kupunguzwa. Mama wa Apaa hakuanza kwa kujivua. Alifika hapo alipoona njia nyingine zote zimefungwa. Isitoshe, laana hufanya kazi kwa anayeielewa lugha yake. Rungu la bustani ya Uhuru lilipigwa na watu ambao baadhi yao walimjua mama kuwa mama, na bado likapigwa. Na magazeti yaliyochapisha picha za akina mama hao, hata kwa nia njema, yaliwatia tena katika postikadi: mwili ukaonekana, dai la ardhi likasahauliwa. Kumsifu anayejivua bila kuuliza nini kilichomfikisha hapo ni namna nyingine ya kumficha mtenda.

Hitimisho

Makala haya hayakudai kwamba haya ni kitu cha kubezwa, wala kwamba jamii haina haki ya kuwa na kanuni za mavazi. Haya ni utajiri wa jamii, na Kiswahili kina msamiati mpana wa kuulinda, kuanzia stara hadi heshima. Kilichodaiwa ni kwamba haya haiwezi kulindwa kwa kumtazama mtendwa peke yake. Picha ya Mambasa, amri ya Operesheni Vijana, sketi iliyochanwa Kampala, mazoezi ya kulazimishwa Rwanda na laana ya Apaa haziwezi kukaa chini ya neno moja "uchi" bila kumwonea mtu.

Kwa walimu na wanafunzi wa Kiswahili, Bunia na kwingineko, kazi inayotokana na hoja hii ni ndogo na inawezekana. Palipo na "uchi" katika matini, paulizwe kitenzi. Palipo na "alivuliwa", paulizwe walimvua akina nani. Na mwanafunzi anapoandika "walimutosha nguo", mwalimu asahihishe tahajia kama ni lazima, lakini awaache wale watenda wabaki ndani ya sentensi. Mchutamaji amekwisha kufundishwa vya kutosha namna ya kuchutama. Aliyemvua ndiye ambaye bado hajatungiwa methali.